Sauti Moja Inayojulikana

Mkulima wa kahawa wa Kagera haruhusu gunia lake lipandishwe kwenye mizani mpaka ameona mshale umetulia kwenye sifuri. Kibandiko cha Wakala wa Vipimo kinaweza kuwa ubavuni pale, kipya kabisa, na bado jicho lake halitoki kwenye mshale. Mizani tupu isiposoma sifuri, kilo zote zitakazofuata zina mashaka. Ukaguzi huo hauna gharama wala hauhitaji elimu: mizani isiyobeba kitu, sharti iseme haijabeba kitu.

Anayepima kelele hana bahati hiyo. Mita ya sauti, hata ukiifunika blanketi ndani ya chumba kilichofungwa, itakuonyesha namba, kwa sababu saketi zake zenyewe zina mchakacho wa umeme usiokoma. Usiku wa manane pale Kaniha, wilayani Biharamulo, mashine zote zikiwa zimezimwa, bado kuna nyenje, kuna majani ya migomba, kuna mbwa wa jirani. Halafu hiyo desibeli sifuri yenyewe si ukimya. Ni sauti hafifu kabisa ambayo sikio zima la kijana linaweza kuinasa, msukumo wa hewa wa mikropaskali 20, na chini yake kuna sauti nyingine ambazo sisi hatuzisikii tu. Kwa hiyo mpimaji hawezi kuanzia kwenye sifuri. Anaanzia kwenye sauti anayoijua, aliyoibeba mwenyewe mkobani.

Ufundi wa kubeba na kuitunza sauti hiyo moja ndio ninaotaka kuusifu hapa. Hauonekani. Anayepiga picha za ukaguzi humngoja mpimaji aelekeze mita kwenye mashine, ndipo apige. Wakati huo kazi kubwa imeshakwisha.

Biharamulo ni wilaya ya dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005 chini ya Barrick, na mwaka 2013 ukaingia mikononi mwa STAMICO, shirika la madini la taifa, ukaitwa STAMIGOLD. Mgodi wa namna hiyo una watu wa usalama na vifaa vyao. Lakini dhahabu ya nyanda hizi haichimbwi na makampuni peke yake. Wapo wachimbaji wadogo na maduara yao, yaani mashimo wanayochimbia, na penye maduara hapakosi karasha: injini ya dizeli, mkanda, na pipa la chuma linalozunguka huku mipira ya chuma ndani yake ikiyaponda mawe mpaka yawe unga. Kijana anayelisha mawe husimama hatua moja au mbili kutoka kwenye pipa, kutwa nzima. Ukitaka kusema naye unapeleka mdomo sikioni mwake, naye anakujibu kwa mikono.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakala uitwao OSHA ndio unaoisimamia. Kwa upande wa jirani anayelala karibu na mashine, kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, baraza la mazingira la NEMC, na kanuni za mwaka 2015 zinazohusu kelele na mitetemo. Kipimo ambacho wataalamu wa afya kazini hukitumia kwa mtu anayefanya kazi ni desibeli 85 kwa saa 8. Na hapa ndipo hesabu ya desibeli inapogeuka kuwa jambo la mwili wa mtu. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nishati ya sauti inayoingia sikioni huwa mara mbili, na kwa kanuni inayotumiwa na wengi, muda salama hukatika nusu. Kwenye 88 ni saa 4. Kwenye 91 ni saa 2. Karasha hupita 90 bila taabu.

Sasa fikiria mita iliyokosea kwa desibeli moja na nusu tu. Inasoma 85 wakati kelele halisi ni 86.5. Kijana anaambiwa yuko salama kwa saa 8, kumbe sikio lake lilistahili saa 5 na dakika 40. Hayo masaa mawili na ushei yanatoka kwenye maisha yake kila siku ya kazi, na hakuna atakayeyaona. Masikio yanayoharibiwa na kelele hayaumi. Kwanza hupotea sauti nyembamba za juu, zile zinazotofautisha s na sh, f na th. Mtu anaanza kudhani wenzake wananong'ona.

Ndiyo maana mpimaji anayeijua kazi yake, akifika kwenye karasha, huipa mgongo. Huenda mbali kidogo, chini ya mti au nyuma ya ukuta, anakaa, anafungua mkoba magotini. Wenyeji hushangaa. Mwenye mashine atakuja amuulize, "Ndugu mpimaji, mashine inanguruma huko, wewe mbona umekaa huku?" Naye atajibu bila kuinua kichwa, "Nisubiri kidogo, mzee wangu. Namuuliza huyu kwanza." Huyu ni mita.

Maikrofoni ya kupimia inayotumika sana ina kipenyo cha nusu inchi, milimita 13 hivi, na ukiondoa kikinga chake cha mbele utaona duara linalong'aa. Hicho ni kiwambo, utando wa chuma wenye unene wa mikrometa chache, mwembamba mara nyingi kuliko unywele. Nyuma yake, kwa umbali wa kama mikrometa 20, kuna bamba la chuma. Sauti ikikisukuma kiwambo, nafasi ile inabadilika, na umeme unabadilika nayo. Edward Wente alieleza wazo hili nchini Marekani mwaka 1917, na kwa miongo kadhaa maikrofoni za aina hiyo zilihitaji kulishwa volti 200 ili zifanye kazi. Mwaka 1962 James West na Gerhard Sessler, katika maabara za Bell, wakapata njia ya kuuhifadhi umeme huo ndani ya utando wa plastiki ukakaa humo kwa miaka mingi. Kutoka hapo mita ikaweza kuingia mfukoni. Maikrofoni za simu tulizonazo mikononi nazo zilitoka kwenye uzao huo, ingawa simu za leo zimekwenda kwenye aina ndogo zaidi za silikoni.

Kiwambo hicho hakiguswi kwa kidole, hakifutwi kwa leso, hakipulizwi kwa mdomo. Mpimaji anachukua kalibreta, kifaa kinachotosha kiganjani chenye tundu upande mmoja, na ndani ya tundu kuna pete ya mpira. Anaingiza maikrofoni polepole, akiizungusha kidogo huku na huku ili mpira uikubali. Hapa ndipo unapoutambua mkono uliozoea. Ukiisukuma kwa haraka, hewa iliyofungwa tunduni inakigandamiza kiwambo. Ukiichomoa kwa haraka, inakivuta. Akishaiketisha mpaka mwisho wa tundu, anaacha. Hafanyi kitu. Maikrofoni ina kijitundu chembamba sana cha kupumulia, na hewa ya ndani inahitaji sekunde kadhaa kusawazika na ya nje. Asiye na subira hubonyeza mara moja, akapata namba inayotembea. Mwenye subira hungoja, ndipo akabonyeza.

Inatoka sauti nyembamba, moja, isiyopanda wala kushuka: mtetemo wa hezi 1,000, desibeli 94. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo. Desibeli 94 ni paskali moja, na mpimaji anapoisikia sauti ile anajua kwamba hewa ndani ya lile tundu dogo inasukumwa kwa paskali moja. Kwa hezi 1,000 kuna faida nyingine. Mita hupima kwa mizania iitwayo A, inayopunguza uzito wa sauti nzito kama sikio linavyofanya. Msingi wake ni kazi ya Fletcher na Munson ya mwaka 1933, waliowakalisha watu na kuwauliza sauti ipi inalingana na ipi kwa ukubwa. Kwenye hezi 1,000 mizania hiyo haiongezi wala kupunguza. Kwa hiyo hata aliyesahau mita kwenye A au kwenye mizania nyingine iitwayo C atapata jibu lile lile.

Tuseme mita inasoma 94.3. Mpimaji mwenye papara atairekebisha papo hapo. Mwenye kujua anaandika kwanza daftarini: saa, mahali, namba ya kifaa, 94.3. Kile alichokikuta kinaandikwa kabla ya kile anachokiacha, kwa sababu hiyo 0.3 ni habari. Wiki iliyopita ilikuwaje? Mita inayohama kidogo kidogo kuelekea upande mmoja ina ugonjwa unaokuja, na daftari ndilo pekee linaloweza kuuona. Akishaandika ndipo anashika geini.

Geini ni kiasi cha kukuza. Maikrofoni nzuri ya nusu inchi hutoa milivolti 50 hivi kwa kila paskali moja. Mazungumzo ya kawaida, desibeli 60, ni paskali 0.02 tu, kwa hiyo yanatoa milivolti 1. Karasha la desibeli 100 linatoa milivolti 100. Umeme wa namna hiyo ni mdogo mno kufanya kazi yoyote, lazima ukuzwe. Na ukiukuza mara kumi, umeongeza desibeli 20. Kurekebisha geini ni kuiambia mita: hizi milivolti unazozipokea sasa hivi, ziite desibeli 94. Kwenye mita za zamani kazi hiyo ilikuwa ya bisibisi ndogo, na skrubu iliyofichwa ubavuni, ambayo ukiigeuza kwa upana wa unywele mshale ulisogea. Siku hizi ni vitufe na kioo. Tendo halijabadilika.

Na hapo kuna jambo moja dogo ambalo ndilo linalonifanya mimi niwaheshimu watu hawa. Mpimaji mwenye maikrofoni iliyotengenezwa kupima sauti ya uwanja ulio wazi haiweki mita yake kwenye 94.0. Anaiweka kwenye 93.8, au kwenye namba nyingine iliyoandikwa kwenye kitabu cha kifaa chake. Sababu ni kwamba maikrofoni ikisimama hewani, mwili wake wenyewe unaikusanya sauti kidogo mbele yake, na watengenezaji walishaiweka hesabu hiyo ndani. Ndani ya tundu la kalibreta hakuna mkusanyiko huo. Tofauti ni kama desibeli 0.15. Nani angeijua? Hakuna mwenye karasha, wala wakili, wala mwandishi wa habari atakayeuliza habari ya 0.15. Mpimaji anaiweka kwa sababu ni kweli.

Geini ina hatari zake pande zote mbili. Ikiwa ndogo mno, sauti unayoitafuta inazama kwenye mchakacho wa saketi, na mita itakusomea mchakacho ikiuita kelele ya kijiji. Ikiwa kubwa mno, vilele vya sauti hugonga dari la umeme na kukatwa. Hili la pili ni baya zaidi maana linadanganya kwa upole. Jiwe kubwa likidondoka ndani ya pipa la karasha, mshindo wake ni mkali lakini ni wa muda mfupi sana. Kilele kikikatwa, mita inasoma kidogo kuliko kilichopo, na namba inayotoka inaonekana nzuri, tulivu, ya kuaminika. Mita za bei nafuu zina ngazi za kuchagua, tuseme 30 hadi 80, 50 hadi 100, 80 hadi 130, na mpimaji lazima ajue ngazi ya kazi iliyo mbele yake. Kwenye kona ya kioo huwa kuna alama ndogo ya kuonya kwamba sauti imezidi. Mpimaji mzuri anaitazama alama ile mara nyingi kuliko anavyoitazama namba.

Kwa sababu hiyo pia simu si mita. Watu hupakua programu, wanainua simu karibu na spika za ukumbi, inaandika 97, wanapeleka malalamiko. Siwalaumu, maana mtu asiyelala anatafuta ushahidi wowote. Lakini simu imetengenezwa ili sauti yako isikike vizuri kwa unayempigia, kwa hiyo mara nyingi inajirekebishia geini yenyewe: ukinong'ona inapandisha, ukipiga kelele inashusha. Kwa maongezi hiyo ni hisani. Kwa kipimo ni sawa na kukosa kipimo. Mwaka 2023 NEMC ilipofungia baa na kumbi kadhaa za starehe kwa sababu ya kelele, riziki za watu zilikuwa upande mmoja na usingizi wa watu upande mwingine, na katikati yao palikuwa na namba. Namba inayobeba uzito huo haiwezi kutoka kwenye kifaa kinachojibadilisha chenyewe.

Nirudi Kaniha, kwenye jambo linalohusu nchi hii ya juu hasa.

Zipo kalibreta za aina mbili. Ya kwanza ndiyo niliyoieleza, yenye spika ndogo ndani. Ya pili ni kongwe zaidi na mimi naiona ni nzuri kuliko zote: pistofoni. Ndani yake kuna mota ndogo inayozungusha gurudumu lenye vilima laini, na vilima hivyo vinasukuma pistoni mbili ndogo zinazoelekeana, ziingie na kutoka mara 250 kwa sekunde. Pistoni zikiingia, chumba kinapungua, zikitoka, kinaongezeka. Sauti inayotokea haikukisiwa wala haikupimwa kwa maikrofoni nyingine. Imekokotolewa. Ukijua ukubwa wa chumba, ukajua pistoni zinakula nafasi kiasi gani, na ukajua shinikizo la hewa iliyomo, kanuni za gesi zinakuambia sauti ni kiasi gani: desibeli 124, sawa na paskali 31.7. Kampuni ya Brüel & Kjær ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 1942 na wahandisi wawili waliosoma pamoja, ndiyo iliyoisambaza duniani.

Tazama tena ile hesabu. Ukubwa wa chumba, mwendo wa pistoni, na shinikizo la hewa. Viwili vya kwanza ni chuma, havibadiliki ukivisafirisha. Cha tatu ni hewa ya mahali ulipo. Desibeli 124 ni za usawa wa bahari, ambako hewa ina hektopaskali 1,013. Pistofoni ikifanya kazi Tanga au Mtwara, namba ya kwenye cheti ndiyo namba. Lakini Ziwa Viktoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na Biharamulo iko juu ya ziwa. Kwenye mwinuko wa mita 1,400, ambao ni wa kawaida kwa nyanda hizi za Kagera, hewa ina hektopaskali 856 hivi. Pistoni zile zile, chumba kile kile, lakini hewa ni chache zaidi, na sauti inatoka desibeli 122.5.

Pungufu ni desibeli moja na nusu. Ndiyo ile ile ya saa 5 na dakika 40.

Mpimaji aliyetoka Dar es Salaam, akaweka maikrofoni kwenye pistofoni, akaona mita inasoma 122.5, akasema mita imeshuka na kuipandishia geini mpaka 124, ameiharibu mita nzima kwa nia njema. Kuanzia hapo kila kelele ya Kaniha itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Mwenye karasha aliye ndani ya kikomo ataandikiwa kwamba amevuka. Na yupo wa upande wa pili: aliyesikia kwamba nyanda za juu hupunguziwa desibeli moja na nusu, akafanya hivyo kwenye kalibreta ya kisasa ambayo ina maikrofoni ya ndani ya kujirekebisha na haihitaji kupunguziwa. Huyo ameishusha mita, na hasara ni ya kijana anayelisha mawe. Kosa lile lile likigeuka mwelekeo linabadilisha nani anayeumia.

Kwa hiyo ndani ya sanduku la pistofoni huwa kuna barometa ndogo ya mshale, na duara lake halikuandikwa hektopaskali tu. Lina mstari wa desibeli za kupunguza. Unaisoma pale pale ulipokaa. Nasisitiza pale pale, kwa sababu kuna mtego. Shinikizo la hewa analolitoa mtu wa hali ya hewa, na linaloonekana kwenye simu, kwa kawaida limeshahesabiwa upya kana kwamba mahali hapo pako usawa wa bahari, ili ramani ya nchi nzima iweze kulinganishwa. Marubani na watabiri wanalihitaji hivyo. Simu ya mtu aliye Kaniha itamwambia 1,015 na mpimaji asiyejua atasema, basi hapa ni kama Dar, sipunguzi kitu. Hewa iliyo ndani ya pistofoni haiijui ramani.

Hata maikrofoni yenyewe inausikia mwinuko. Hewa iliyo nyuma ya kiwambo ikiwa nyepesi, kiwambo kinalegea kidogo, na maikrofoni inakuwa nyepesi kusikia kwa desibeli 0.1 au 0.2. Hiyo inajirekebisha yenyewe ukilinganisha mita pale pale kazini, na ndiyo sababu kulinganisha kulikofanyika asubuhi ofisini mjini hakumtoshi anayekwenda kupima kwingine.

Sasa mtu atauliza, na ni haki yake kuuliza: hiyo kalibreta nayo nani aliiambia kwamba ni 94? Maabara. Hapa nchini ugezi, yaani kulinganisha vipimo na viwango, ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoanzishwa mwaka 1975, na juu ya maabara za nchi kuna zile zinazoshika viwango vya msingi vya sauti, kama ya NMISA, taasisi ya vipimo ya Afrika Kusini, iliyoko Pretoria. Kalibreta inakwenda maabara, inapimwa kwa maikrofoni ya marejeo, inarudi na cheti. Na maikrofoni ya marejeo nani aliipima? Kwa kawaida swali hilo hupanda ngazi mpaka ukachoka. Kwenye sauti linafika mahali linakwisha, na linakwisha kwa namna ambayo kila nikiifikiria nafurahi upya.

Unachukua maikrofoni tatu. Hakuna hata moja unayoijua. Lakini maikrofoni ya aina hii ukiilisha umeme inageuka spika. Kiwambo kinatetemeka na kutoa sauti, na ukali wake wa kusikia na ukali wake wa kusema ni kitu kimoja. Unaiweka ya kwanza na ya pili uso kwa uso ndani ya chumba kidogo, moja inasema, nyingine inasikiliza, unapima umeme. Kisha ya kwanza na ya tatu. Kisha ya pili na ya tatu. Kila kipimo kinakupa zao la maikrofoni mbili zikizidishwa: A mara B, A mara C, B mara C. Mtoto wa sekondari anaweza kumalizia. Ukiwa na mazao hayo matatu unapata A peke yake, B peke yake, C peke yake. Hukuhitaji sauti inayojulikana. Ulihitaji kupima umeme, ukubwa wa kile chumba kidogo, na shinikizo, joto na unyevu wa hewa, basi. Njia hii ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1940 na mpaka leo maabara kubwa za dunia huanzia hapo. Sauti nyembamba ile inayolia kwenye kiganja cha mtu aliyekaa chini ya mti Kaniha inatoka kwenye maikrofoni tatu zilizosikilizana.

Ninachotamani ni kidogo. Halmashauri inaponunua mita ya sauti, inunue na kalibreta yake katika hati ile ile ya manunuzi, na iweke fungu la kuipeleka kalibreta maabara kila mwaka. Mita bila kalibreta ni nusu ya kifaa, na bei ya nusu inayobaki si kubwa ukilinganisha na kesi moja iliyoshindwa. Na anayepewa kuitumia apewe muda. Ratiba ya vituo sita kwa siku inamlazimisha mtu aruke zile sekunde za kungoja.

Baada ya kalibreta ndipo kazi inayoonekana inaanza. Anavalisha maikrofoni sponji lake la kuzuia upepo, maana upepo ukipita kwenye kiwambo hutoa ngurumo isiyokuwepo. Anasimama alipo mlisha mawe, mita ikiwa kwenye urefu wa sikio, mwili wake ukiwa pembeni usirudishe sauti. Anapima injini ikiwa peke yake, anapima pipa likiwa na mawe, anapima likiwa karibu kuwa tupu, wakati mipira inagonga chuma kwa chuma na kelele inakuwa mbaya kuliko zote. Vumbi la mawe linatua kwenye sponji, jasho linatua kwenye mita. Mchana wa Kagera wingu linaweza kufunga na kufungua upesi, na unyevu nao unaingia mahali usipouona.

Jioni, kabla ya kuaga, anarudi chini ya mti. Maikrofoni inaingia tena tunduni, polepole, anangoja, anabonyeza. Asubuhi aliiacha 93.8. Ikisoma 93.8, au 93.6, au 94.1, siku imesimama. Kiwango cha kimataifa cha kupima kelele kazini kimeweka mpaka wa desibeli 0.5: ikizidi hapo, vipimo vyote vilivyofanyika katikati vinafutwa. Vyote, pamoja na vile vilivyoonekana vizuri, kwa sababu hakuna anayeweza kusema mita ilianza kuhama saa ngapi.

Na siku nyingine inasoma 93.1. Anarudia, akidhani hakuiketisha vizuri. 93.1. Anabadilisha betri. 93.1. Anaichunguza pete ya mpira, anaitazama kwenye mwanga. Kisha anachora mstari kwenye kurasa za siku nzima, anaandika sababu na kusaini, na anakwenda kumwambia mwenye karasha kwamba mashine itabidi iwashwe tena siku nyingine, mita ikishafika maabara. Mzee atauliza, basi hata kwa kukadiria tu, vijana wangu wamevuka au hawajavuka? Mpimaji atamjibu kwamba namba ya leo hana, ila vijana wavae vikinga masikio kuanzia kesho asubuhi, kwa sababu anayelazimika kupeleka mdomo sikioni mwa mwenzake ili asikike hahitaji mita kumwambia kwamba mahali pale pana kelele kupita kiasi.